Madaftari Mawili ya Haji Swaibu

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa chumba cha dawa, na Biira, aliyerithi kiti changu, akaniomba niandike machache kabla sijasahau. Nilimwambia kusahau si tatizo langu, tatizo langu ni kunyamaza. Basi haya hapa, kwa ajili yake na kwa ninyi wote mliobaki nyuma ya dirisha. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana havikunifundisha kitu. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na juu ya ushindi mmoja ambao mpaka leo nikiukumbuka natembea kifua mbele.

Dirisha mnalijua. Wavu juu, tundu chini la kupitisha mkono, na ubao uliong'arishwa na viwiko vya watu. Mgonjwa akitoka kwa daktari anapitisha daftari lake pale, mtoa dawa anasoma kilichoandikwa, anahesabu, anafunga, anaeleza. Foleni ya kituo chetu cha Bwera, hapa mpakani, ina kila aina ya watu: wakulima wa kahawa walioshuka milimani, wachuuzi waliovuka asubuhi kutoka Kongo, vijana wa boda wenye magoti yaliyochunika. Kwetu Ibanda tulisema Lukonzo tu. Kiswahili nilikiokota dirishani, neno leo na neno kesho, na ndiyo sababu naandika kwa lugha hii.

Siku yangu ya kwanza iliangukia siku ya soko, na foleni ilifika getini. Aliyenipokea alikuwa Afande Kule, ambaye alikuwa muuguzi wa jeshi kabla ya kuja kutoa dawa. Yeye alikuwa ameliacha jeshi, lakini jeshi halikuwa limemwacha. Alinikagua viatu, akanikagua kucha, kisha akasema:

"Unaitwa nani?"

"Masereka, afande."

"Masereka, sikia. Soma, hesabu, soma tena. Ile mutu iko inje ya dirisha iko na haraka. Wewe hapana kuwa na haraka. Umeelewa?"

"Ndiyo, afande."

"Basi nawa mikono."

Alinifundisha kuhesabu vidonge tanotano kwenye sinia kwa kijiti alichokichonga kutoka kwenye rula ya mbao. Alinifundisha kukunja bahasha za karatasi na kuchora juu yake, kwa sababu wengi walikuwa hawasomi: jua linalochomoza kwa asubuhi, jua kamili kwa mchana, mwezi mwembamba kwa usiku. Miezi yangu ilikuwa mibaya kweli. Bibi mmoja alirudi kuniuliza kwa nini dawa yake lazima aile na ndizi. Afande akaniketisha jikoni mchana mzima nachora miezi mpaka ikafanana na mwezi, na tangu siku hiyo hakuna aliyekula ndizi kwa kosa langu.

Akanipa na sheria ya mwisho, ile iliyonikaa shingoni miaka mingi. "Mdomo ya mutoa dawa ni ya kueleza dawa," alisema. "Ugonjwa ni ya daktari. Usiulize kitu hawakukupa." Niliishika sheria hiyo kama amri ya kanisani. Ilinifanya mtoa dawa mzuri, na pia ilinifanya mjinga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa niwaeleze juu ya madaftari, maana wageni wanaokuja kufanya kazi kwetu huwa hawaelewi mapema. Hapa mgonjwa ndiye mwenye kumbukumbu zake. Ananunua daftari la shule, analitunza nyumbani, anakuja nalo. Lakini watu wetu ni wasafi wa mpangilio. Malaria ina daftari lake, presha ina lake, meno yana lake. Bibi mmoja wa mlimani aliniambia kwamba magonjwa yakilala nyumba moja yanazaana, ndiyo maana yeye alikuwa na madaftari matano, kila moja limevalishwa kitenge tofauti. Wengine hutenganisha kwa aibu tu. Daftari la malaria linakaa mezani hata wageni wakija, lakini la kukosa choo linakaa chini ya godoro.

Na kukosa choo, wapendwa, ndio ugonjwa unaoongoza kwa kusemewa uongo. Mtu mzima anakuja dirishani, anasema anaumwa kichwa, anasema kiuno, na wewe unasoma kwenye daftari kwamba hajaenda choo siku nne na kwamba hali hiyo ina miaka. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa na jibu langu tayari: nililaumu bundu. Nilihubiri kwamba ugali wa muhogo ndio unaoziba watu, mpaka siku moja mama mmoja akaniita musawo, kama watu wa dawa wanavyoitwa kwetu, akaniuliza kwa upole, "Musawo, wewe kwako munakula nini?" Kwangu tulikula bundu mchana na jioni, na tumbo langu lilikwenda kama saa. Hapo ningepaswa kufikiri. Sikufikiri, nilimpa dawa yake nikaita anayefuata.

Ndipo nije kwa Haji Swaibu. Alikuwa dereva wa lori lake mwenyewe, anatoa sabuni na sukari Kasese kuleta mpakani, anarudi na kahawa na unga wa muhogo. Mtu mnene, kofia nyeupe, manukato yanayofika dirishani kabla yake. Kila alipokuja kuchukua vidonge vya kulainisha choo alinitania kwamba nyuma ya wavu nafanana na kuku wa kupelekwa soko. Nilimpenda. Kisha mwaka ukapita, na utani ukaanza kupungua, na mashavu nayo yakaanza kulegea.

Siku moja ya soko alifika bila utani wowote. Aliegemeza paji la uso kwenye wavu. Nikamuuliza kuna nini, naye akanieleza kwa sauti ya chini. Siku tatu kabla, mchana kweupe, karibu na Kisinga, alisinzia kwenye usukani. Lori likaacha barabara, likaenda kusimama katikati ya shamba la pamba. Hakuna aliyeumia ila pamba. Lakini wasafirishaji wenzake wa Kasese walimketisha chini na kumpa muda mpaka msimu wa kahawa uishe. Asipopona, usukani apewe mtu mwingine, na yeye hataendesha tena mzigo wao.

"Masereka," alisema, "mimi iko miaka makumi tatu kwa usukani. Wakininyang'anya, mimi nabaki nani?"

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu kutoa daftari la tumbo, lile la kahawia ninalolijua, na kwa haraka yake yakatoka mawili. La pili lilikuwa la kijani. Lilianguka juu ya ubao, naye akalifunika kwa kiganja upesi.

"Hii si ya hapa," alisema. "Hii ni ya Kasese. Ya usingizi."

Nilikuwa nimesoma maelfu ya madaftari niliyopewa, lakini sikuwahi kuomba hata moja ambalo sikupewa. Afande alikuwa amekwisha kustaafu zamani, na bado nilisikia sauti yake sikioni. Niseme ukweli, niliogopa. Kisha nikamwangalia yule mtu mnene aliyekuwa amekonda, nikasema, "Haji, nipe yote mawili."

"Ya nini? Ile ni tumbo, hii ni macho haitaki kufunga. Si kitu moja."

"Nipe tu, Haji."

Aliyasukuma kupitia tundu kama mtu anayeng'olewa jino. Nikayafungua yote mawili juu ya sinia ya kuhesabia, ubavu kwa ubavu, nikasoma kama nilivyofundishwa. La kijani lilianza: halali vizuri, amepewa kidonge cha usiku. Wiki chache baadaye la kahawia likaanza: hapati choo. La kijani: bado halali, tumbo linamjaa, kidonge kiongezwe. La kahawia: choo kigumu zaidi, dawa iongezwe. Ukurasa kwa ukurasa ilikuwa hivyo, kliniki moja Kasese na kituo kimoja Bwera, kila mmoja akifanya kazi yake vizuri bila kujua kwamba mwenzake yupo. Na kwenye bahasha zilizobanwa humo ndani kulikuwa na miezi miwili: mmoja umechorwa na mkono wa mtu wa Kasese, mwingine na mkono wangu.

Kile kidonge cha usiku nilikuwa nacho kwenye rafu yangu. Mtoa dawa yeyote anajua kwamba kinakausha mdomo, kinaufanya utumbo kuwa mvivu, na kwa wengine usingizi wake unaendelea hadi asubuhi. Nilikuwa nimewaeleza hayo watu wengi. Haji sikumweleza, kwa sababu daftari lake la kijani sikuwahi kuliona. Lile shamba la pamba lilikuwa limeandikwa humo tangu mwanzo, ila katika madaftari mawili.

Nikafunga dirisha. Sikuwahi kulifunga saa za kazi. Mchuuzi mmoja wa Kongo akapiga wavu kwa pete yake: "Musawo, unafunga namna gani? Batu beko bagonjwa huku." Nikamwomba radhi, nikamshika Haji mkono, nikampeleka kwa Dokta, dada kijana aliyekuwa na foleni ndefu kuliko yangu na chai iliyopoa mezani.

"Dokta, samahani," nilisema. "Hili si kazi yangu."

"Kama si kazi yako, kwa nini umefunga dirisha?"

Nikamwekea madaftari. Alisoma, akarudia, kisha akamwambia Haji aketi. Alianza na yale ya kutisha: kama ameona damu, kama anatapika, kama kuna mtu wa ukoo aliyeugua utumbo. Alimpima, akaagiza vipimo kwa sababu ya ule mwili uliopungua, na havikuonyesha ubaya. Ndipo akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Unalala wapi? Ndani ya lori, usiku tatu au nne kila wiki, sikio moja likisikiliza turubai lisikatwe na wezi. Unakunywa maji? Kidogo, maana barabara inapita katikati ya mbuga ya wanyama na huko mtu hashuki.

"Hata tumbo likikuita?"

"Dokta, pale kuna tembo. Nikishuka, nachuchumaa wapi?"

Tulicheka sote watatu, na Haji ndiye aliyecheka zaidi, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake mwaka huo. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka jambo, kwamba zamani tumbo lilikuwa likimwita kila asubuhi, naye kila asubuhi alikuwa akiliambia lingoje. Mwishowe likaacha kuita.

Nikumbuke vizuri alivyoeleza Dokta, maana nimeyarudia mara nyingi baadaye. Alisema tumbo lina saa yake, na saa hiyo inatembea pamoja na usingizi. Mtu aliyelala vizuri akiamka, utumbo nao unaamka, na kitu cha moto asubuhi kinausukuma. Anayelala vipande vipande anaivuruga saa hiyo. Na tumbo lililojaa nalo halimwachi mtu alale, kwa hiyo kila upande unauharibu mwingine. "Kwa Haji sijui kipi kilitangulia," alisema. "Si lazima nijue. Tutashughulikia vyote viwili pamoja."

Kisha akasema neno gumu. Kidonge cha usiku kitapunguzwa polepole, naye atawasiliana na mwenzake wa Kasese, na mpaka kiishe na usingizi utulie, Haji hataendesha gari. Wiki sita, labda zaidi.

Haji alivua kofia, akaiweka gotini. "Dokta," alisema, "unaniomba ile kitu nimekuja kuokoa."

"Ndiyo," alisema Dokta. "Ukitoa mwenyewe, itarudi. Ikichukuliwa barabarani, hairudi."

Tulirudi dirishani. Akatoa ufunguo wa lori mfukoni, akaupitisha kwenye tundu. "Shika wewe," alisema. "Nikimupa mutu wa Kasese, hatarudisha." Nikaufungia kwenye kabati lenye kufuli mbili, pamoja na dawa kali. Kisha nikaazima sindano ya magunia kwa mnunuzi wa kahawa aliyekuwa getini, nikayashona madaftari yale mawili yakawa moja, kijani mbele na kahawia nyuma. Haji alitazama kila tundu la sindano kana kwamba namshona yeye.

Msifikiri ilikuwa rahisi. Alilala kwake Kasese, kitandani, saa ile ile kila siku. Alikunywa maji, alikula papai na maharage na mboga, na bundu nikamruhusu, kwa kuwa nilikuwa na deni la heshima kwa bundu. Kila asubuhi baada ya chai alikwenda kuchuchumaa bila haraka, aitwe asiitwe. Kila siku ya soko alipanda gari la abiria kuja kunieleza. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zamani: kidonge kilipunguzwa, usingizi ukakimbia, tumbo nalo likagoma kabisa. Wiki ya tatu alipiga ubao kwa kiganja mbele ya watu.

"Nipe ufunguo yangu."

"Kilichofungiwa kwenye lile kabati kinatoka kwa sahihi ya daktari, Haji."

"Wewe ni kuku kweli," alisema, na safari hii haukuwa utani. Akaondoka. Niliogopa kwamba nimempotezea muda wake wa mwisho. Msimu wa kahawa ulikuwa umefika katikati, na mimi, mtu wa kuhesabu vidonge, nilikuwa nimejiingiza kwenye usukani wa mtu.

Siku mbili za soko hakuja. Siku ya tatu manukato yalifika kwanza. Hakunong'ona. Alisimama mwisho wa foleni, akasema kwa sauti ya kuuzia mnada, "Musawo, leo nimetoka inje, nimepata choo. Bila dawa. Na jana nililala mpaka adhana." Foleni nzima iligeuka. Mchuuzi mmoja wa Kongo akapiga kigelegele, na wanaume wawili wakampa mkono kana kwamba amepata mtoto. Mimi nilijifanya natafuta kitu chini ya meza, kwa sababu machozi hayafai karibu na sinia.

Wiki chache baadaye Dokta alitia sahihi. Wasafirishaji wenzake wawili walipanda lori naye kutoka Kasese hadi mpakani na kurudi, wakimwangalia macho njia nzima, na wao ndio waliosinzia wakati wa kurudi. Kahawa ya mwisho ya msimu ule ilishushwa kwa usukani wa Haji Swaibu. Sisemi wote waliokosa choo walipona hivyo. Wengine shida yao ilikuwa nyingine kabisa, na wengine tuliwapeleka mbele haraka. Lakini tangu siku ile sindano ya magunia ilining'inia kwenye msumari karibu na dirisha, na kila mtu mzima aliyeleta daftari nilimuuliza, "Na kile kitabu kingine?" Mngeona vilivyotoka: vifuani, chini ya watoto mgongoni, ndani ya vikapu vya nyanya. Yule bibi wa vitenge vitano tulimshonea vyote. Alihuzunika, kisha akaomba kitenge kipya cha kufunika kitabu kikubwa.

Nilikwenda Kisinga kuungama kwa Afande Kule. Alikuwa mzee sana, anaona kwa jicho moja. Nikamweleza yote, nikisimama wima bila kukusudia.

"Ulifunga dirisha saa ya kazi?"

"Ndiyo, afande."

"Uliuliza kitu hawakukupa?"

"Ndiyo, afande."

Alifikiri. "Na ulisoma tena?"

"Nilisoma tena, afande."

"Basi nawa mikono," alisema. "Chakula iko tayari."

Siku yangu ya mwisho kazini nilikaa kwenye kiti cha nyuma, Biira yuko mbele. Mgonjwa wa kwanza alipitisha daftari la kiuno. Biira alilisoma, akahesabu, akalisoma tena, kisha bila kunitazama akainama kwenye tundu akauliza, "Baba, na kile kitabu kingine?" Nilijua hapo kwamba naweza kwenda.

Haji alikuja na lori kunihamisha, Bwera mpaka Ibanda. Kitanda, redio, masufuria, mbuzi mmoja mwenye hasira. Hamjui jambo moja, nami sikuwahi kumwambia: tangu lile shamba la pamba nilikuwa nimeapa kimoyomoyo kwamba ufunguo wa lori lake nitautunza, lakini lori lenyewe sitalipanda. Nilipanda. Nilikaa kiti cha mbele, macho kwenye barabara, mkono kwenye mlango, nikiwa na mpango wa kumwangalia njia nzima kama wale wasafirishaji. Nakumbuka tulipita Kisinga, nakumbuka pamba ilikuwa imefunguka.

Kinachofuata ni mkono wa Haji begani, na mlima wa kwetu mbele ya kioo, na mbuzi analia nyuma.

"Musawo, umefika Ibanda. Umelala tangu Kisinga. Hata matuta ya Kasese haikukuamsha."

Nilifuta mdomo kwa aibu. "Na wewe, hukusinzia?"

Alivuta breki ya mkono, akauchomoa ufunguo na kuniwekea mapajani, kama alivyonikabidhi siku ile dirishani.

"Kwa gari analala mutu mumoja tu," alisema. "Leo ilikuwa zamu yako."